Endasak: majirani walivyofyeka kichaka cha mama mkwe kwa upendo, wageni wakiwa njiani

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, na wa rika langu poleni na mihangaiko.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma, nacheka peke yangu, naondoka. Ila juzi nimekuta mtu ameandika kwamba mnafu na mlenda ni magugu wanayokula watu waliokosa mboga. Aisee, nilipandwa na hasira mpaka mume wangu akauliza nani amenikosea. Nikamwambia hebu niache kwanza, kuna watu nawajibu.

Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na masufuria ya siku ile niliyaosha mimi. Majina nimeyageuza kidogo, maana kijijini bado narudi na nataka kusalimiwa.

Twende kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, nimeolewa Endasak, huku chini ya mlima Hanang. Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara bado mchanga, watu wengine kwenye barua walikuwa bado wanaandika Arusha kwa mazoea. Soko huria lilikuwa limeshakolea. Wazee walisema enzi zao mazao yalinunuliwa na ushirika tu, basi. Sisi tukakuta malori ya kila rangi, leo mwenye mbaazi, kesho mwenye alizeti, na kila anayekuja anasema limeni zaidi.

Watu wakalima kweli kweli. Walilima mpaka kwenye kingo za makorongo. Ukiacha kipande hakijalimwa, majirani wanajua nyumba ile ina mgonjwa au ina mvivu.

Sasa kwa wakwe zangu kulikuwa na kipande kama hicho. Kilikuwa chini ya shamba la mahindi, kinafuata korongo, kirefu na chembamba. Kuna mkuyu mkubwa, mizambarau pori, na misada, ile miti ya matunda ya kahawia tuliyokuwa tunakula tukitoka shule. Na chini ya miti kila mvua ikinyesha inaota mboga ambayo hakuna aliyeipanda. Mnafu, mlenda, mchicha pori, mgagani. Mtu mgeni akipita anaona pori. Nyumbani tulikiita kichaka cha Mama, mama mkwe wangu.

Niwaeleze kwa nini ni cha Mama.

Mahindi yalikuwa ya Mzee, baba mkwe. Ng'ombe wa Mzee. Maharage ya kuuza ya Mzee. Hata debe moja la mahindi Mama akitaka kumpelekea mgonjwa anamwambia Mzee kwanza. Lakini pale kwenye kichaka hakumwomba mtu. Anachuma, anakausha, anagawa, anatunza mbegu kwenye kibuyu. Mzee alikuwa hata hakanyagi.

Na mimi nilipoolewa, mwaka wa kwanza wote Mama alikuwa mpole lakini wa mbali. Ananisalimia, ananipa kazi, inaishia hapo. Siku moja akanishika mkono mpaka kwenye kichaka, akanionyesha kona karibu na mkuyu, akasema, "Hapa chuma bila kuniuliza."

Nilienda chooni nikalia. Wa mjini mnaweza msielewe, lakini mimi siku ile ndio nilijiona nimeolewa.

Tuendelee.

Kuna shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tumwite Amnaay. Mume wangu Safari alikuwa dereva Arusha, kwa hiyo nyumbani kijana wa kiume ni Amnaay. Si mtu mbaya, naomba mjue hilo mapema. Mchapakazi sana, anaamka kabla ya jogoo. Ila alizeti ilikuwa imemwingia kichwani kama malaria. Kila tukila mboga ya kichaka anasema, "Mama, wenzetu wanaezeka bati, sisi tunakula majani. Kipande kile kilimwe."

Mama alikuwa anamjibu, "Kula, mwanangu." Hamwambii kingine.

Siku moja akapita bwana shamba wa kata na pikipiki yake. Akasimama, akaangalia kile kichaka muda mrefu, akaingia, akawa anashika majani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Akaja kumwambia Mzee kwamba kuna watu wa mradi wanazunguka Mbulu na Hanang, wanauliza miti na mboga za asili ambazo watu wanaziacha zikue shambani pamoja na mazao. Kila kijiji wanatafuta nyumba moja ambayo wengine watakwenda kujifunza. Akaomba awalete.

Mzee akakubali. Halafu jioni, sote tukiwa tumekaa, akatoa neno.

"Hawa wageni wakiona cha maana kwenye kile kichaka, kitabaki, na wewe Amnaay nisikusikie tena. Wasipoona, lete trekta."

Wakuu, baba mkwe wangu akishasema amesema. Haongezi, hapunguzi. Amnaay akafurahi, maana alijua wageni wa kilimo hawawezi kusifia pori. Mama akaendelea kupukuchua mahindi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona punje zinamwangukia nje ya ungo.

Basi, siku za wageni zinakaribia, msiba ukatokea kwetu Mbulu. Baba yangu mdogo. Tukaenda mimi, Mama na Mzee, maana kwa wakwe huwezi kutuma salamu tu. Amnaay akabaki na ng'ombe. Tukazika, tukakaa matanga kidogo, tukaaga. Tukarudi kwa kubadilisha magari, vumbi mpaka kwenye kope, tukafika Endasak mchana wa siku moja kabla ya wageni.

Ile tunakaribia nyumbani nikasikia vigelegele.

Nikajiuliza, tumetoka kwenye msiba, vigelegele vya nini?

Nikainua macho. Jamani! Nilidhani tumekosea nyumba.

Kichaka hakuna. Pale palipokuwa na mboga mpaka magotini palikuwa udongo mtupu, mwekundu, umelimwa kwa jembe la mkono na kusawazishwa. Si kulimwa tu, palifagiwa! Alama za fagio nilikuwa naziona. Matawi ya chini ya mizambarau yamekatwa. Na mashina ya miti yote, mkuyu, misada, yote, yamepakwa chokaa nyeupe mpaka usawa wa kifua kama miti ya shule ya msingi. Hata mawe yalipangwa pembeni mwa njia, nayo yamepakwa chokaa, kama ofisi ya kata anapokuja mkubwa.

Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa wamesimama mstari mmoja, wachafu, wamechoka, wanatabasamu. Mbele yao Mama Paskalina.

Huyu Mama Paskalina ni jirani yetu, na ndiye katibu wa jumuiya. Mwanamke mwenye sauti, mwepesi wa kazi. Ukiugua ndiye wa kwanza kufika, na ndiye wa kwanza kuwaambia wengine unaumwa nini.

Akatupokea mizigo. "Poleni na msiba! Poleni na safari! Sisi tukasema wenzetu wako kwenye kilio, kesho wana wageni wakubwa, na shamba pori lile! Tukasema hapana, aibu hiyo tutaiondoa sisi. Chokaa tulichukua ile iliyobaki kigangoni."

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu. Kwa akina mama wa huku, shamba safi ndio uso wako. Mgeni akikuta majani shambani ni sawa na kukukuta hujanawa. Na tangu lini mtu wa kilimo akaja kutafuta majani? Kwa akili zetu wote, mtu wa kilimo akija amekuja kukagua palizi. Hawakukosea kwa ubaya. Walitupenda, wakatung'olea kila kitu mpaka mizizi.

Mimi hasira zangu mnazijua sasa. Nikafungua mdomo. "Mama Paskalina, nani amewatuma..."

Mama akanishika kifundo cha mkono. Alinibana mpaka nikahisi mifupa. Akaniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu, chini chini, ninyamaze, hawa watu wametufanyia kazi wakati sisi tunalia.

Halafu akaenda akamshika mkono kila mmoja. Mmoja mmoja. "Asante. Mungu awabariki. Asante mama. Asante."

Mzee alisimama akaangalia, akavua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani.

Na Amnaay? Hadi leo anasema alikuwa machungani, hakuona kitu. Haya.

Nikamkuta Mama nyuma ya nyumba. Ameweka ncha ya kanga machoni. Aliponiona akasema, "Hata ya kona yako." Basi, nikalia na mimi. Sikuwa nalia mboga. Nilikuwa nalia kwamba mwanamke amekaa kwenye nyumba hii tangu usichana wake, kitu chake ni kimoja, na kimeondoka kwa upendo wa watu ambao hata kuwagombeza huwezi.

Lakini kwetu mtu akikufanyia kazi haondoki bila kula. Hiyo haina mjadala. Na ndani hakukuwa na kitu, tumetoka safari. Unga upo, maziwa Amnaay amekamua. Mboga hakuna.

Mama akafuta macho, akaenda kwenye zizi. Pale ndipo walipolundika vyote walivyong'oa, ili wapewe ndama. Akachuchumaa, akaanza kuchambua lile rundo. Mnafu ulikuwa bado haujanyauka vizuri. Mlenda bado. Nikachuchumaa na mimi. Tukajaza ungo, tukajaza na wa pili.

Tukasonga ugali. Mnafu tukaupika na maziwa na samli kidogo, ule uchungu wake ukalainika. Tukawatengea chini ya ile miti yenye chokaa.

Wakala, wakuu. Watu walikuwa wamelima tangu asubuhi. Mama Paskalina akaongezewa, akaongezewa tena, akasema, "Mama Safari, mboga tamu hii! Umetoka nayo Mbulu?"

Mama akajibu taratibu kabisa. "Hapana. Nimeitoa kwenye rundo lenu pale zizini. Ndiyo wageni wanakuja kuiona kesho."

Tonge la Mama Paskalina likasimama njiani. Kuna mama mmoja mzee akaanza kucheka, cheko la puani lile la kujizuia, akamwambukiza wa pembeni, mwisho wote wanacheka mpaka wanafuta machozi, na mimi na hasira zangu zote nikacheka. Mama Paskalina tu ndiye hakucheka. Akaweka tonge chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, na mkono wenyewe una ugali. "Mungu wangu, nimefanya nini?" Akaondoka bila kunawa.

Asubuhi, umande bado haujakauka, hodi.

Mama Paskalina huyo. Kichwani kikapu, mkononi kibuyu, mgongoni kwenye kanga amefunga kitu kama anabeba mtoto, kumbe ni mche wa msada na udongo wake. Nyuma yake wale wenzake wote, kila mmoja na chombo.

Akaanza kutoa. Mnafu mbichi. Mgagani. Majani makavu ya mlenda yaliyosagwa vizuri, unga kabisa. Mbegu za mchicha pori kwenye kibuyu. Matawi ya mizambarau.

Mimi nikashika kiuno. Huyu mama Jumapili zote anatuambia jumuiyani kwamba nyumbani kwake wanakula kabichi na nyama, hizo mboga za porini aliacha zamani kwa sababu ni chakula cha njaa. Tukienda kwake anatupikia wali!

"Mama Paskalina, hivi vyote umevitoa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Nyuma ya nyumba," akasema kwa hasira kidogo. "Na wewe usiniulize kama polisi."

Na wale wengine vivyo hivyo! Kila mwanamke pale alikuwa na kichaka chake. Mwingine kwenye ua wa katani, mwingine nyuma ya choo, mwingine katikati ya mahindi anasema hajapata nafasi ya kupalilia. Kila mmoja anakula kwa siri na anaficha mgeni akija. Nilichoka.

Wageni wakafika na gari lao. Bwana shamba akashuka wa kwanza, akaona mashina ya chokaa na ule uwanja uliofagiwa, nikadhani ataanguka. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mchangamfu, akatuamkia shikamoo wote kwa heshima, halafu akauliza mboga ziko wapi.

Mama Paskalina akajibu kwa sauti yake ile. "Nimeng'oa mimi. Nilifikiri mnapenda usafi. Lakini tumeleta nyingine, kaeni."

Yule dada alicheka, si kwa dharau, akasema basi na tukae.

Wakakaa mpaka mchana ukapita. Tukapanga kila mmea chini kwa mstari. Wakauliza hiki kinaliwa lini, kinapikwa vipi, nani anachuma, kwa nini mliuacha mti huu shambani. Watu waliokuwa wanaficha jana sasa wanagombania kusema. Mwisho wakampa kila mtu, wanawake na wanaume waliokuwa wamejisogeza, maharage mkononi. Weka mengi kwenye unachokithamini zaidi.

Wanawake wengi walimwaga kwenye mnafu. Wanaume wengi waliweka kwenye mti wa kivuli na mbao. Amnaay akatembea mstari wote, akarudi, akauliza, "Alizeti iko wapi?"

"Alizeti haijaletwa, kaka."

"Basi nakaa na maharage yangu." Watu wakacheka sana.

Zamu ya Mzee ikafika. Akatembea polepole na fimbo yake. Akapita mkuyu, akapita mzambarau. Akasimama kwenye mchicha pori, ule ambao hata sisi wanawake tunaudharau, akaweka maharage yake yote.

Yule dada akamuuliza kwa heshima kwa nini.

Mzee akamwonyesha Amnaay kwa fimbo. "Huyu alikuwa bado ananyonya. Ilikuwa njaa. Nilitoka kutafuta mahindi upande wa Mbulu, nikachelewa sana. Nilirudi nikijua nitakuta nimepoteza mtu. Nikawakuta watoto wanacheza." Akaegemea fimbo. "Nilishukuru Mungu. Sikumuuliza mama yao aliwapa nini. Ndio leo nasikia kwamba ni huu."

Mama alikuwa anaangalia chini. Sijawahi kumwona Mzee akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Mkidhani stori imeishia hapo kwa furaha, subirini.

Wageni walipotaka kuondoka, yule dada akasema wamefurahi mno, lakini nyumba ya watu kujifunzia lazima iwe na vitu vilivyo hai, vimesimama. Wakaomba kwenda kuona kwa Mama Paskalina. Wakaenda, wakakuta ni msitu wa mboga! Wakaichagua ile.

Yaani aliyeng'oa ndiye aliyechaguliwa. Mama Paskalina mwenyewe aliomba wabadilishe, wakamwelewesha kwamba haiwezekani.

Jioni Mzee akamwambia Amnaay, "Neno langu ni lile lile. Wageni hawakuona kwangu, wameona kwa jirani." Mama akaingia jikoni. Mimi usingizi sikuupata vizuri, nawaza kwamba yule mzee ametoka kusema maneno yale mbele ya watu kwa ajili ya mchicha halafu bado anaruhusu trekta. Nilimchukia, nasema ukweli.

Haikupita wiki. Jumamosi, mvua bado zipo, Mama Paskalina akaja na majembe na kina mama wote. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akamwekea Mama kigoda, akamwambia, "Leo wewe ni mgeni. Kaa."

Wakapanda. Kila mmoja alileta kutoka kwake na akapanda kwa mkono wake, huku wanataniana. "Huu mnafu wangu, msiukanyage!" "Wako unanyauka kama mwenyewe!" Mama Paskalina alipanda msada na kumwaga mbegu zake mstari mrefu. Kwenye kona yangu walinipa mgagani nikapanda mwenyewe. Ile chokaa ya miti mvua iliiosha taratibu. Mboga zikashika, na zilipoiva zikaachwa zikomae zimwage mbegu.

Ukafika wakati wa kutayarisha mashamba. Amnaay akakodi trekta mjini Katesh. Hilo hapo asubuhi, linanguruma mlangoni, na dereva wake kavaa miwani.

Mama alikuwa anapepeta. Hakuinuka.

Mzee akatoka na koti lake. Akasalimiana na dereva vizuri. Halafu akamwambia Amnaay, "Nilisema trekta ije, imekuja. Ardhi ni yangu na ruhusa nimetoa, sirudi nyuma. Lakini kilichokuwepo zamani kilijiotea, hakikuwa na mwenyewe. Hiki cha sasa kimepandwa. Na mche ni wa mkono ulioupanda, hata ukiwa kwenye ardhi ya mtu. Unajua hilo."

"Najua, baba."

"Basi nenda kawaombe wenyewe. Wakikubali, lima."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Anza na Mama Paskalina."

Nikageuka nikamwangalia yule mzee niliyemchukia msimu mzima. Alikuwa anatafuta ugoro mfukoni kama mtu asiye na habari.

Dereva akazima trekta. Amnaay akatoka kwa mwendo wa haraka, anajua atamaliza sasa hivi.

Kwa Mama Paskalina, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nina shida. "Shida baada ya kula." Huwezi kukataa chakula kwa mama wa rika la mama yako. Ugali, mlenda. Akala. Akasema shida yake. Mama Paskalina akamwambia ule msada aliupanda kwa kosa alilomfanyia mama yake, sasa akiruhusu ung'olewe atakuwa amekosa mara ya pili. Lakini ajaribu nyumba inayofuata, pengine wao wana moyo mwingine.

Nyumba inayofuata, kaa kwanza, mwanangu. Ugali, mnafu wa maziwa.

Ya tatu, hujambo, mbona umekonda, karibu. Mgagani.

Dereva alingoja, akachoka, akaondoka na trekta lake. Nilimpa maji ya kunywa, akaniuliza kijana ameenda wapi. Nikamwambia anaomba ruhusa.

Amnaay akarudi jua linazama. Anatembea polepole, mkanda ameulegeza. Akaketi kwenye kigoda bila kumwangalia mtu. Mama alikuwa ameshamwekea sahani.

"Wamesemaje?" Mama akauliza.

"Mama," akasema, "usinipakulie. Nimeshiba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama akageuza uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Na Amnaay mwenyewe, baada ya kukasirika kidogo, akacheka. Akaongeza, "Ila ule mnafu wa nyumba ya pili, mama, muulize mwenyewe anaupikaje."

Hakuleta trekta tena. Alizeti yake aliipanda shamba la juu, ikazaa vizuri tu, wala hakuna aliyekufa. Alipooa, Mama alimshika mke wake mkono akampeleka kule chini, na mimi nikajua anaenda kumwambia nini.

Nilichojifunza mimi, wakuu. Chakula kinachojiotea tunakithamini tumboni, mdomoni tunakionea haya. Kwa hiyo siku ya kukitetea kila mtu yuko kimya, mpaka kinafyekwa na watu wanaokila kila siku. Bwana shamba hakukiokoa kile kichaka, wageni hawakukiokoa, na hasira zangu ndio kabisa. Kiliokoka siku wanawake walipoacha kuficha, kila mmoja akaleta chake mchana kweupe akasema hiki changu.

Na jingine, kabla hujapalilia kwa jirani yako kumfurahisha, muulize.

Haya, uwanja wenu. Kwenu ni mboga gani au mti gani unaachwa shambani na watu wanaona haya kuutaja? Unapikwaje, na nani anaruhusiwa kuchuma? Semeni bila kuogopa, hata mwenye cha nyuma ya choo aseme, hatutamcheka.